Mbuzi alipona, mtoto akavunjika mguu

UVIRA – Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Runingu na Sange. Motari mmoja alikuwa anatoka Uvira. Nyuma yake amebeba mama mmoja na gunia la unga wa muhogo. Mbuzi jike akatoka kwenye majani upande wa kushoto, akavuka mbio. Motari akavuta gidoni upande wa kuume. Upande wa kuume kulikuwa na watoto watatu waliotoka kuteka maji, kila mmoja na bidoni yake ya manjano.

Mbuzi alivuka salama. Alisimama ng'ambo, akamwita mtoto wake, akaendelea kula majani. Msichana wa miaka 11 alibaki chini, mguu umevunjika chini ya goti. Mama aliyebebwa aliteguka mkono. Unga ukamwagika kwenye vumbi.

Watu walijaa haraka, kama kawaida. Wapo waliosaidia kumbeba mtoto. Wapo waliosema ajali ni ajali. Mwenye mbuzi naye alifika. Alimwangalia mnyama wake, akamshika masikio, akaona ni mzima, akamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemuuliza neno. Na katika kundi hilo hilo wapo waliomsifu motari, kwamba angalau alijua kumkwepa mbuzi wa watu.

Sifa hiyo ndiyo shida yenyewe. Mtoto amelala chini, na motari anasifiwa kwa kuokoa mbuzi.

Tuseme wazi jambo ambalo watu wengi wa bonde la Ruzizi wanalijua lakini hawalisemi mbele ya mwenye mifugo: mbuzi akiingia barabarani ghafla, shofere anapaswa kufunga freni, kushika usukani ukiwa umenyooka, na kama mbuzi hatoki, basi mbuzi agongwe. Asikwepwe kwa kupeleka gari au moto pembeni. Pembeni kuna watu.

Maneno haya ni magumu, na yatawaudhi wengi. Lakini anayeyakataa aeleze ni mtoto wa nani anayepaswa kusimama mahali ambapo moto inakwepea.

Kwanza tuangalie pembeni ya barabara kuna nini. Vitabu vya kufundishia udereva vinachora barabara yenye njia ya watembea kwa miguu, halafu majani, halafu miti. Barabara ya hapa kwetu haiko hivyo. Kutoka Kavimvira, kupitia Runingu, Sange, Luberizi, Luvungi, mpaka Kamanyola, pembeni ya barabara ndipo watu wanapoishi. Mama anauza maembe na nyanya hapo, vijana wanauza mafuta katika chupa, watoto wanapita wakienda shule, na wakulima wanaanika muhogo hapo hapo.

Na tangu miaka mingi, pembeni ya barabara ni njia ya wakimbizi wa ndani. Familia zilizoshuka kutoka milimani kwa sababu ya vita, na familia ambazo mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba zao Uvira, zimejua maana ya kutembea kandokando ya lami na godoro kichwani. Mhami hana moto na hana pesa ya taksi. Anatafuta kibarua kwa miguu, anabeba kuni na makala kwa miguu, anaenda kuuliza habari za msaada kwa miguu. Kila shofere anapokwepa ghafla, mara nyingi anayekutwa pembeni ni mtu wa namna hiyo, ambaye tayari amekimbia mara moja na sasa hana tena mahali pa kukimbilia.

Basi shofere anaposema «nilikwepa, nikatoka pembeni», hiyo pembeni si mahali patupu. Ni soko, ni njia ya shule, ni njia ya maji.

Mashofere wengi watajibu kwamba wao wana mazoezi. Wana miaka kumi au ishirini kwenye usukani, wanajua kupita kati ya mbuzi na mtu bila kugusa hata mmoja. Tuwajibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu haimwonei mtu haya.

Gari linalotembea kilometa 60 kwa saa linapita karibu mita 17 katika sekunde moja. Mtu mwenye afya, asiyekunywa pombe na asiyeshika simu, anahitaji kama sekunde moja kuona mbuzi, kuelewa, na kuhamisha mguu mpaka kwenye freni. Katika sekunde hiyo gari halijapungua mwendo hata kidogo. Mita 17 zimekwisha kuliwa. Halafu freni zinaanza kazi. Kwenye lami kavu, na freni nzuri, na mipira mizuri, gari linahitaji tena kama mita 20 ili lisimame. Jumla ni mita 37 hivi. Kwa kilometa 80 kwa saa, jumla inakaribia mita 60. Kwa kilometa 40, ni kama mita 20 tu. Kwa kilometa 30, ni mita 13 au 14.

Hesabu hiyo ni ya lami kavu na gari zima. Kwenye vumbi, changarawe au tope, mita za freni zinaongezeka, na zinaweza kufika mara mbili. Kwenye kamio iliyopakia kupita kiasi, yenye mipira iliyoisha meno, zinaongezeka tena. Na kila mtu anayesafiri kati ya Uvira na Bukavu anajua gari zinazopita hapa ziko katika hali gani.

Sasa mbuzi. Mbuzi hatokei mita 60 mbele yako. Anatokea mita kumi, mita kumi na tano, kutoka nyuma ya nyumba, nyuma ya kibanda, nyuma ya kamio iliyosimama. Kama ulikuwa unakimbia kilometa 60 katika kijiji, mazoezi yako ya miaka ishirini hayana nafasi ya kufanya kazi. Sekunde ile ya kwanza imekwisha. Kinachobaki ni mkono unaovuta usukani kwa woga, na mkono wenye woga hauchagui nani yuko upande ule.

Kuna jambo lingine ambalo mashofere wenyewe wanalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Gari nyingi za zamani hapa hazina ule mtambo unaozuia magurudumu yasijifunge kabisa wakati wa freni kali. Magurudumu yakijifunga, gari linateleza kama sabuni, na usukani hauongozi tena. Unageuza kushoto, gari linaenda linakotaka. Shofere aliyefunga freni kwa nguvu zote na kukwepa wakati huo huo amekwisha kuacha kuendesha. Amebaki kuwa abiria kama wengine. Ukibaki katika mstari ulionyooka, hata ukiteleza, unateleza juu ya lami, mbele yako, na mwendo unapungua. Ukiwa umegeuza, unateleza kuelekea kwenye vibanda.

Minibasi zilizojaa abiria na mizigo juu ya paa zina hatari yao pia. Mzigo wa juu unavuta gari upande linapogeuzwa ghafla, na gari linaweza kulala. Kamio ni hivyo hivyo. Gari likipinduka, halichagui pa kuangukia.

Watu wa Sange hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka ndani ya Sange. Mafuta yakamwagika, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Ajali ile haikutokana na mbuzi, na isichanganywe na habari hii. Lakini inatukumbusha kitu kimoja: kwenye barabara hii, gari likitoka katika lami halipati uwanja mtupu. Linawakuta watu na nyumba zao.

Kwa motari ukweli ni mgumu zaidi, na haifai kuwadanganya. Gari likigonga mbuzi, mara nyingi abiria wanatoka salama. Moto ikigonga mbuzi, motari anaweza kuanguka pamoja na anaowabeba. Ndiyo maana wengi wanavuta gidoni bila kufikiri. Lakini moto yenye abiria wawili na gunia, ikipindishwa ghafla huku freni ya mbele imeshikwa, inaanguka vilevile, na inaanguka juu ya watu. Anayebana freni zote mbili pamoja, gidoni imenyooka, anafika kwa mbuzi akiwa amepunguza mwendo mwingi, na mara nyingi mbuzi anakuwa amekwisha kupita. Na akianguka, anaanguka mbele yake, si katikati ya watoto wa bidoni. Dawa ya kweli ya motari ni moja tu: ndani ya kijiji, kilometa 30 kwa saa, na vidole viko tayari kwenye freni. Ukiona mbuzi mmoja amevuka, jua kuna mwingine nyuma. Mbuzi hawatembei peke yao, na mwana-mbuzi hubaki nyuma halafu hukimbia kumfuata mama yake.

Mpaka hapa shofere na motari wanaweza kudhani wao ndio wanaoshitakiwa peke yao. Hapana. Tuulize kwa nini mtu mwenye akili timamu anahatarisha watu ili aokoe mbuzi. Si ujinga peke yake. Ni hofu.

Shofere anajua kitakachotokea akigonga mbuzi. Vijana watatokea kwa dakika moja, na magogo yatawekwa barabarani. Mbuzi mwembamba atageuka kuwa mbuzi mnene kuliko wote katika kijiji. Kama ni jike, atasemwa alikuwa na mimba ya watoto wawili, na wale watoto watalipwa pia. Bei ya soko itasahauliwa. Asipolipa, ufunguo utachukuliwa, au moto itashikiliwa, au atapigwa. Akilipa, akifika kwa patroni wake atakatwa pesa hiyo katika mshahara, ingawa patroni ndiye aliyemwambia asichelewe.

Sasa linganisha na mtu. Shofere akimvunja mtoto mguu, naye atapata shida, ndiyo. Lakini shida hiyo inazungumzwa. Familia ya wahami haina vijana wa kuweka magogo, haina shefu anayeijua, haina mtu wa kuisemea. Watazungumza polepole, watapokea pesa ya dawa kidogo, wataambiwa wamshukuru Mungu mtoto hakufa. Kwa hiyo mkono wa shofere umejifunza, bila yeye mwenyewe kutaka, kwamba mbuzi wa mwenyeji ana wenyewe na mtoto wa mhami hana. Sisi jamii ndio tuliomfundisha hivyo.

Hilo ndilo linalopaswa kututia haya. Bei ya mbuzi kila mtu anaijua. Bei ya mguu wa mtoto huanza kutafutwa baada ya ajali.

Mwenye mbuzi atajibu, na jibu lake lina uzito. Atasema: mbuzi huyu ndiye minerval ya watoto, ndiye dawa ya hospitali, ndiye benki yangu. Na wapo wahami wenye mbuzi mmoja tu, aliyevutwa kwa kamba usiku wa kukimbia, wakaacha shamba, nyumba na vyombo. Kumwambia mama huyo kwamba mbuzi wake agongwe ni kama kumwambia apoteze kila kitu mara ya pili. Hakuna mtu anayependa kusema maneno hayo mbele yake.

Lakini mama huyo huyo ana watoto, na watoto wake ndio wanaotembea pembeni. Akiulizwa polepole, bila makelele ya barabarani, achague kati ya mbuzi na mtoto wake wa bidoni, hatafikiri hata sekunde moja. Mbuzi anaweza kulipwa, mwaka huu au mwaka ujao. Kinachodaiwa hapa si kwamba mbuzi hana thamani. Ni kwamba thamani yake isipimwe kwa hofu ya shofere, kwa sababu hofu hiyo wanaoilipa ni watembea kwa miguu.

Na kama mbuzi ni benki, basi mtu hawezi kuacha benki yake ilale katikati ya barabara ya kitaifa. Kamba ya kumfunga mbuzi ni kitu kidogo sana ukilinganisha na mbuzi mwenyewe. Mti upo, na mtoto wa kumchunga yupo. Usiku lami inabaki na joto, na wanyama wanapenda kulala juu yake, hasa mahali ambapo hakuna taa hata moja. Mwenye mnyama anajua hilo, lakini anamwacha. Kisha asubuhi anakuja na hesabu ya fidia.

Sheria ya barabara ya nchi hii, ya tarehe 30 Agosti 1978, haikumsahau mtu yeyote. Inamtaka shofere awe bwana wa mwendo wake kila wakati, si wakati barabara ni nzuri tu. Na wanyama wanaopita barabarani wanapaswa kuwa na mtu wa kuwaongoza. Maana yake ni rahisi: anayekimbia ndani ya kijiji ana kosa, na anayeacha mnyama bila mchungaji ana kosa. Hapa kwetu kosa la kwanza linalipwa kwa kelele, kosa la pili halitajwi kabisa.

Kuhusu ng'ombe, lazima kusema kando, kwa sababu ng'ombe si mbuzi. Ng'ombe ana miguu mirefu na mwili mzito. Gari dogo likimgonga kwa kasi, linamkata miguu, na mwili wake unaangukia kioo cha mbele na wale waliokaa nyuma yake. Kumgonga ng'ombe kunaweza kuua walio ndani ya gari. Lakini hata kwa ng'ombe jibu si kukwepa kwa kasi. Jibu ni freni mapema, kwa nguvu, katika mstari. Ukiwa umekwisha kupunguza mwendo, na umeona kwa macho kwamba nyuma ya mkia wake hakuna mtu na hakuna gari linalokuja, hapo unaweza kupita nyuma yake polepole, kwa sababu ng'ombe huendelea mbele. Hiyo haiitwi kukwepa ghafla. Hiyo ni kuendesha.

Wakati wa kiangazi makundi ya ng'ombe yanavuka barabara kutafuta maji na majani upande wa mto Ruzizi, halafu yanarudi jioni. Saa zinajulikana, na mahali panajulikana. Shofere anayepita kila siku hawezi kusema alishitukia. Na mchungaji hawezi kuvusha ng'ombe arobaini kwa kukaa nyuma ya kundi na fimbo yake peke yake. Mmoja atangulie barabarani na kitambaa kinachoonekana, mwingine afunge kundi nyuma. Giza likiingia, wasivushe bila tochi.

Kuna sumu nyingine katika habari ya ng'ombe, nayo isifichwe. Ng'ombe akigongwa katika bonde hili, watu huuliza kwanza ni wa nani, ni wa kabila gani, na shofere ni mtu wa wapi, kabla ya kuuliza kama kuna aliyeumia. Ajali ya barabarani inaweza kugeuka kuwa neno la kugombanisha vijiji. Shofere anayeogopa kuwasha moto wa namna hiyo atakwepa kwa vyovyote, hata kama pembeni kuna mama na mtoto mgongoni. Ng'ombe hana kabila, na lami haina kabila. Anayeleta kabila katika ajali ya ng'ombe anaongeza wafu wa kesho.

Basi ifanyike nini? Hakuna haja ya kungoja mradi kutoka mbali wala semina ya hotelini. Mambo yanayodaiwa ni madogo na yako mikononi mwa watu wa hapa.

Mashefu wa vijiji vya barabarani wakae na wawakilishi wa mamotari, wa mashofere, wa wenye mifugo, na wasiwasahau wawakilishi wa wahami, ambao kila mara wanaitwa mwisho. Wakubaliane juu ya kanuni chache na kuzitangaza redioni, kanisani, msikitini na sokoni. Mnyama aliyefungwa au anayechungwa pembeni, akifuatwa huko na gari, shofere alipe yote, kwa bei ya soko. Mnyama aliyeachwa huru akakutwa juu ya lami, na shofere alikuwa anaenda polepole na akabaki katika mstari wake, mwenye mnyama abebe hasara yake, na nyama ni yake. Shofere aliyekuwa anakimbia ndani ya kijiji alipe, hata kama mnyama alikuwa huru. Na mnyama aliyeachwa huru akisababisha mtu kuumia, mwenye mnyama asiende nyumbani kimya: naye achangie dawa.

Mazungumzo ya malipo yafanyike kwa shefu, si kwenye magogo. Vijana wanaofunga barabara kwa sababu ya mbuzi wajue kwamba wanamfundisha shofere ajaye kukwepa, na huenda akakwepea kwa mdogo wao.

Mapatroni wa moto na wa gari waache kumkata mshahara mtu aliyegonga mbuzi akiwa katika mstari na mwendo wa polepole. Badala yake waangalie freni na mipira kabla ya kuuliza versement ya siku. Patroni anayedai pesa nyingi kila jioni, juu ya moto isiyo na freni ya nyuma, amekaa nyumbani lakini mkono wake uko kwenye gidoni.

Polisi wa barabarani wana kazi yao pia. Kusimamisha moto kwa ajili ya karatasi kunajulikana. Kusimamisha moto kwa sababu haina freni kungeokoa watu wengi zaidi.

Abiria nao wasijitoe. Ni abiria wanaopiga kelele «mkwepe! mkwepe!» mbuzi anapotokea, na ni hao hao wanaomwambia motari aongeze vitesi kwa sababu soko linaanza. Mama aliyekaa nyuma ya moto ana haki ya kumwambia motari: mwanangu, hapa ni kijiji, pole pole. Aliyelipa nauli asione haya kusema. Na kama motari anakataa, kushuka ni bora kuliko kuangushwa.

Kwa wanaotembea pembeni, hasa familia ambazo hazina njia nyingine, jambo moja linaweza kusaidia, ingawa wao si wenye kosa. Tembeeni mkitazama gari zinazokuja, yaani upande wa kushoto, ili mwone hatari kabla haijafika mgongoni. Watoto watembee mmoja nyuma ya mwingine, wadogo upande wa mbali na lami. Hili halimwondolei shofere kosa lake. Ni kinga tu, kama mwavuli.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno ya mtu asiyejua maisha ya barabarani, kwamba katika sekunde ile hakuna anayefikiri. Ni kweli, katika sekunde ile hakuna anayefikiri. Ndiyo maana lazima kufikiri leo, mbuzi akiwa bado hajatokea. Mkono unafanya ulichozoezwa. Motari anayejiambia kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, «mnyama akitokea nabana freni, sivuti gidoni», mkono wake utasikia siku ile. Anayejiambia kwamba mbuzi ni wa watu na atalipishwa, mkono wake utasikia hilo pia.

Msichana wa miaka 11 atakaa wiki nyingi bila kuteka maji. Wadogo zake wawili wanaifanya kazi yake sasa, kwenye njia ile ile, pembeni ya lami ile ile. Mbuzi yule bado anaonekana akivuka asubuhi na jioni, na mtoto wake nyuma yake, bila kamba. Motari amerudi kazini kwa sababu watoto wake wanapaswa kula. Hakuna kilichobadilika mahali pale, isipokuwa bidoni moja ya manjano iliyopasuka.

Mara ya pili mbuzi huyo akitokea mbele ya moto, kijiji kitakuwa kimekwisha kuamua nani aumie. Kama hakikukaa kuzungumza, kimeamua hivyo hivyo kwa kunyamaza.